Siku za Kununa Kabla ya Kifua Kubana

Lusajo mwanangu,

Sitaanza kwa kukwambia kwamba mimi ni mzima wa afya na hofu yangu ni kwako wewe uliye mbali. Bado hujawa mbali. Umeenda kunyoa, dakika kumi tu kutoka hapa nyumbani Ilomba, na tranka lako liko karibu na mlango, umelifunga mwenyewe kwa kufuli mbili. Mvua imeacha sasa hivi. Nimekaa kwenye meza ninayosahihishia madaftari na ninataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukinikuta utauliza naandika nini, na mimi nitajibu "hakuna kitu."

Mambo ya soksi, sabuni na kuandika jina kwenye shuka siyagusi. Orodha umeshaipitia mara tatu. Kesho mjomba wako Ezekia atakupeleka Iringa na atayarudia yote njiani, unamjua. Mimi nataka kukuandikia kuhusu ile fomu ya shule.

Jumatatu niliijaza hapa hapa mezani. Ukurasa wa nne, sehemu ya afya: je, mwanafunzi ana ugonjwa wa muda mrefu? Nikaandika Hapana. Ulikuwa umesimama nyuma ya kiti changu unakula mkate, ukasoma. Nikasubiri useme kitu. Ukasema, "Sawa, mama," ukaenda kuosha kikombe. Baada ya hapo siku mbili hukucheka, na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, nilizunguka nyumba hii nikijifanya sijui kwa nini.

Najua kwa nini. Umejifunza kunyamaza, na mwalimu wako ni mimi. Ngoja nikueleze nilivyokufundisha, maana ulikuwa mdogo, na mengine huenda umeyasahau, au umeyapunguza makali kwa kunihurumia.

Ulikuwa na miaka miwili tulipohamia Rujewa. Ilikuwa ajira yangu ya kwanza, nimepangiwa kufundisha biolojia, na baba yako alikuwa bado anaishi na sisi. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Sijui kama unaikumbuka miezi ya mavuno. Mashine zilianza kunguruma kabla ya chai na hazikunyamaza mpaka jua lishuke, na vumbi la pumba lilipanda juu ya mabati, jua likipita ndani yake, hewa yote ikawa na rangi ya asali. Ng'ombe wa Wasangu wakipita nao waliongeza vumbi lao. Yangeyange walikuwa wamejaa mashambani kama karatasi zilizopeperushwa. Ninyi watoto mlikuwa mnapanda kilima cha pumba na kuteleza, na wewe ulikuwa unashuka una mvi kichwani kama mzee wa kanisa, unacheka mpaka miguu inakosa nguvu unakaa chini. Nilikuwa nasimama mlangoni na kikombe cha chai nikikutazama. Mpaka leo nikinusa mpunga mpya moyo wangu unafurahi kabla akili haijakumbuka.

Kwa sababu ndipo hapo hapo hewa ilipokuwa inakudhuru. Nililipenda eneo lile kuliko mahali pote nilipowahi kuishi, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nichelewe kuona. Ulianza na chafya za asubuhi, kumi, kumi na mbili, tukawa tunazihesabu pamoja na kucheka. Macho yakawa mekundu. Ngozi nyuma ya magoti ikawa inawasha, unajikuna mpaka damu. Ulipofika miaka mitano kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari akasema una mzio wa vumbi na una pumu, akakupa inhela, ile ya bluu, akanionyesha namna ya kukushikia.

Jioni ile nikampigia simu bibi yako Iringa.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mjukuu wangu amesemwaje?"

Nikamweleza. Akasema, "Hiyo ya kupuliza usimpe. Hiyo ni ya watu waliokwisha. Akiizoea ndiyo basi tena, hataweza kupumua bila hiyo mpaka kaburini."

"Mama, daktari ndiye kasema."

"Daktari amemzaa? Mfukize mikaratusi, mnyweshe tangawizi na asali. Wewe mwenyewe ulikuwa na kifua, nilikufukiza, na leo si unafundisha watoto wa watu?"

Sasa sikiliza, Lusajo. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nafundisha kidato cha pili mfumo wa upumuaji. Nilichora mapafu ubaoni kwa chaki za rangi, vijia vya hewa vikigawanyika kama matawi, nikaeleza jinsi vinavyoweza kuvimba na kuwa vyembamba, na dawa inavyovifungua. Wanafunzi walinakili mchoro wangu vizuri sana. Kisha nikarudi nyumbani, nikaifunga inhela yako kwenye kipande cha kanga, nikaiweka juu ya kabati ndani ya sufuria lisilotumika. Nilijiambia ni akiba ya siku mbaya. Simlaumu bibi yako. Yeye alisema anachokijua kwa mapenzi yake yote. Mimi nilikuwa najua kingine kabisa, na bado nilitii, kwa sababu kumwona mtoto wangu na kile kidude mdomoni kulinifanya nione aibu ambayo sikuwa na jina lake.

Ukisema kifua kinabana, nilikuwa naweka sufuria la majani ya mikaratusi yanayochemka, nakukalisha mbele yake kwenye kigoda, nakufunika blanketi. Nilikuwa nakaa nje ya blanketi nakushika mabega usitoke.

"Mama, joto."

"Vumilia. Hesabu mpaka mia."

Ulikuwa unahesabu kwa sauti ya kukatika. "Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia. Nimefika, mama."

"Anza tena."

Nimeandika maneno hayo mawili na nimeyatazama kwa muda mrefu. Hakuna kitu nilichowahi kumwambia mtu ambacho ningependa zaidi kukirudisha.

Ukaacha kusema. Hukuwa mjinga. Ukisema kifua kinabana unafunikwa blanketi, kwa hiyo kifua kikawa hakibani tena. Nikampigia bibi yako kumshukuru. "Dawa imekubali," nikamwambia, naye akamsifu Mungu.

Kilichokuja badala yake hatukukitambua. Ulikuwa na miaka saba, baba yako alikuwa ameshahamia kwa familia yake nyingine, na kila mtu alisema mtoto anamkumbuka baba. Inawezekana. Lakini zilikuwa siku zinazokuja na kuondoka. Siku mbili, siku tatu, unaamka umenuna. Hutaki uji. Ukiguswa unapiga. Mwalimu wako alinisimamisha njiani akasema, "Madam, kijana wako amekuwa mkali kama pilipili, jana kamng'ata mwenzake." Kuna asubuhi nilikukuta umekaa ukutani, wenzako wanateleza kwenye pumba, nikakuuliza mbona huendi kucheza. Ukanijibu bila kunitazama, "Hakuna kitu kizuri." Mtoto wa miaka saba. Nikacheka, nikamsimulia jirani kama kichekesho.

Halafu ile Jumamosi ya kipaimara cha binti wa jirani. Ulikataa kusalimia wageni. Ulikataa soda. Ulikaa chini ya meza umekunja uso, na wanawake wakaanza kusema, mtoto wa mwalimu huyo, angalieni. Nikakutoa nje kwa mkono nikakuchapa kwa kandambili. Hukulia. Sasa najua kwamba hukulia kwa sababu kulia kunahitaji pumzi. Ulitembea hatua chache kuelekea kilima cha pumba, ukakaa, na nilipokufikia midomo yako ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu.

Sikumbuki nani aliita pikipiki. Nakumbuka nimekupakata katikati, dereva mbele, na nakumbuka nilikuwa nakuhesabia pumzi sikioni, na kwamba inhela ilikuwa nyumbani juu ya kabati.

Hospitalini walikuwekea barakoa yenye mvuke wa dawa. Baada ya muda kama wa kipindi kimoja cha darasa ukafungua macho, ukaangalia dari, ukaniuliza kama kipaimara kimeisha na kama keki imebaki. Kisha ukaanza kuimba ule wimbo wenu wa shule wa kuhesabu wanyama, ukaubadilisha, ukamweka muuguzi kati ya wanyama. Muuguzi akacheka mpaka akashika ukuta. Lusajo, nilikuwa sijakusikia ukiimba tangu mvua za mwaka ule zianze. Nilidhani mtoto wangu amebadilika tabia. Kumbe alikuwa yupo humo ndani muda wote, amekosa nafasi ya kupita.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, nadhani mdogo kuliko mimi. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mama, kabla kifua hakijabana, mtoto huwa anakuwaje?"

"Ananuna," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Siku mbili. Wakati mwingine tatu."

Akaandika. Nikamuuliza kama kununa huko ni kifua au ni moyo. Akasema kwa watoto wenye mzio na pumu mara nyingi huzuni na wasiwasi vinaonekana vikitembea karibu karibu na ugonjwa, ila nani anamvuta mwenzake si rahisi kusema. Huenda ni kukosa usingizi mzuri. Huenda ni uvimbe wenyewe mwilini. Huenda ni hofu, maana mtu aliyewahi kukosa hewa haisahau. "Sitakudanganya kwamba tunajua yote," akasema. "Ila usimchape kwa hilo." Alikuwa ameiona alama ya kandambili kwenye paja lako. Alisema kwa upole, na upole ule niliubeba mpaka hapa Mbeya.

Hiyo ndiyo sababu niliomba uhamisho. Ulikuwa unaniuliza kwa nini tuliondoka Rujewa mahali ambapo tulikuwa na furaha, na mimi nikawa nakujibu "mambo ya kazi." Tuliondoka ili upumue. Kwenye lori la mizigo nilikaa nimegeuka nyuma nikiangalia lile vumbi la asali mpaka barabara kuu, na nililia, na nilikwambia ni mzio. Ukanipa kitambaa chako.

Hapa Ilomba nilijirekebisha kwa nguvu, na kama ujuavyo nikifanya kitu sijui kukifanya kidogo. Inhela ya kila siku asubuhi na jioni, ya bluu kwenye mkoba. Zulia nikamgawia mtu. Nikawa na daftari: tarehe, chafya, kifua, uso. Miaka mitatu nimeandika uso wako kwenye daftari. Na nikaanguka upande wa pili. Unaikumbuka siku Baraka alipohama? Mlikuwa mmeshikamana tangu darasa la tatu, na wazazi wake wakahamia Dodoma ndani ya wiki moja. Ulirudi nyumbani ukajifungia chumbani. Nikagonga.

"Umevuta dawa?"

"Mama, Baraka kahama."

"Najua, pole. Lakini umevuta?"

Ukafungua mlango, macho yamevimba, ukasema, "Kwa hiyo mimi nikilia ni kwamba dawa imeisha? Sina hata haki ya kuwa na huzuni yangu?"

Nilikuwa nimeishika inhela mkononi, nimeshaitikisa tayari. Nilikukosea mara mbili kwa kitu kile kile. Kwanza nilidhani kifua chako ni tabia mbaya. Kisha nikadhani tabia yako yote ni kifua. Katikati ya hapo ulikuwepo wewe, na sijui ni siku ngapi nilikupita bila kukuona.

Sasa turudi kwenye fomu. Kwa nini niliandika Hapana? Nimejiuliza wiki nzima. Nilijiambia ni kwa ajili yako, wasikutoe kwenye mpira, wasikuite mgonjwa bwenini, watoto ni wakali. Nimekaa kwenye ofisi za walimu, nimesikia jinsi majina ya wanafunzi yanavyotajwa. Lakini ukweli uko nyuma zaidi. Na mimi nilisoma bweni Iringa, unajua hilo. Usilolijua ni kwamba kidato cha tatu nilikaa karibu muhula mzima siongei. Nilikuwa naenda darasani, naandika, nashika namba ya kwanza au ya pili, na jioni nakaa nyuma ya bwalo chini ya misonobari nikitazama vumbi la njano la maua yake likianguka kwenye sketi yangu. Kifua kilikuwa kinanibana pia. Kila mwezi nilimwandikia bibi yako: mama mpendwa, mimi ni mzima wa afya. Tulifundishwa barua inaanza hivyo, nami sikujua barua inaweza kuanza vingine. Yeye akawa anasoma hayo maneno kanisani kwa mashoga zake, anashukuru. Niliandika Hapana kwenye fomu yako kwa mkono ule ule.

Alhamisi nilikwenda mjini kununua blanketi la shule. Fomu inasema la sufu, na sufu inakuwasha, kwa hiyo nilikuwa natafuta la pamba linalofanana na sufu. Niliingia duka la Mama Zainabu, yule mama wa Kihindi wa vitambaa aliyekushonea shati la mahafali. Alikuwa amepanda ngazi ananishushia blanketi, vumbi likamwagika. Akashuka, akavuta droo ya pesa, akatoa inhela, akavuta mara mbili mbele ya wateja wote, akairudisha, akaendelea kupima mita za kitambaa cha mtu. Nadhani nilimkodolea macho.

"Dada mwalimu, unashangaa nini? Wewe ukiwa na kiu hunywi maji?"

"Samahani. Mwanangu naye anayo."

"Anavuta mbele ya watu?"

"Anajificha chooni."

"Nani kamfundisha chooni?" Akaniangalia juu ya miwani. Akacheka, akanipiga begani na futi yake ya mbao. "Mimi kifua kikibana naona dunia yote mbaya. Wateja wabaya, wakwe wabaya, chai mbaya. Marehemu mume wangu alikuwa anasema, leo si wewe, leo ni kifua chako. Wallahi nilikuwa namchukia! Nikamwambia, ni mimi. Siku zingine ni kifua, siku zingine ni wewe umenikera. Uliza!"

"Akawa anauliza?"

"Mwishoni akajifunza. Ilimchukua miaka ishirini, lakini mwanaume ni mwanaume. Chukua hili la kijivu, halina manyoya."

Nilirudi na blanketi la kijivu nikaitoa fomu. Nimekata lile neno kwa mstari mmoja, nikaandika Ndiyo pembeni, nikaweka sahihi yangu. Nimeandika pumu, nimeandika mzio, majina ya dawa zako zote mbili, na kwamba uruhusiwe kutembea na ya bluu mfukoni, darasani, uwanjani na kanisani. Mjomba wako atamkabidhi matroni mkononi. Ukitaka kunikasirikia kwa kutokukuuliza, nikasirikie, kwenye hili sikuwa tayari kuuliza.

Ila chini yake kuna mistari mitatu, "maelezo mengine kuhusu mwanafunzi." Hapo niliandika kuhusu siku zako za huzuni, aya nzima, nzuri, ya kitaalamu. Nikaisoma. Nikaona nimechukua daftari langu la uso wako nimempelekea mtu usiyemjua. Nimeifuta. Hiyo ni yako, utamwambia unayemtaka, siku unayotaka. Ninachoogopa ni kimoja tu, na nimekiogopa tangu Jumatatu. Hakuna atakayekutazama usoni asubuhi. Mabweni yana watoto wengi na matroni ni mmoja. Usiposema mwenyewe, kifua au huzuni, hakuna atakayejua, na mimi ndiye niliyekufundisha kutosema.

*

Nimeongeza hapa chini kwa sababu ulirudi, na sasa umeenda kuoga.

Uliingia kichwa kimenyolewa mpaka kinang'aa, ukasimama mlangoni karibu na tranka. Nikafunika karatasi. Ukauliza naandika nini, nami nikasema, "Barua yako." Ukatikisa kichwa tu. Hukuondoka. Ukabandua kipande cha rangi kwenye fremu ya mlango kwa kucha.

"Mama, kesho sitaki kwenda."

Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, lile lile la siku zote. Nikalimeza. Nikanyamaza, Lusajo, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kusahihisha mitihani ya shule nzima.

Ukasema, "Kifua kizima. Nimevuta asubuhi. Ni kwamba naogopa, na nina huzuni. Nitaenda, lakini nina huzuni."

Nikavuta kiti cha pili. Ukakaa. Tulikaa hivyo. Mtoto wa jirani alikuwa anaita kuku wake. Baadaye ukanitazama usoni, kwa makini, kama mtu anayesoma kipimajoto.

"Na wewe, mama? Macho yako mekundu. Ni vumbi au ni huzuni?"

Nikakwambia ukweli.

Mama yako